Redio Haimwangalii

Jumatatu, 3 Juni 1996
Redio imefika shuleni! Kijiji kizima cha Tuala kimejua. Mwalimu Mkuu Nalianya anaibeba kama kifungua mimba wake. Ati itatusaidia kufundisha Kiingereza. Mimi nimekifundisha miaka kumi na mmoja bila betri.

Jumatano, 5 Juni
Kipindi cha kwanza. Mama wa redioni akasema, "Good morning, children!" Darasa la nne lote likasimama. Nikiwasalimia mimi, nusu wanachonga penseli. Akiuliza swali ananyamaza kidogo, wanajibu, anawaambia "Very good!" — hata wakikosea. Kazi rahisi hiyo! Nimeona wivu, nakubali. Wivu wa sanduku.

Alhamisi, 6 Juni
Nzula amejibu! Nzula, ambaye tangu Januari hajanifungulia mdomo. Redio ikauliza rangi ya anga, akasema "Blue", wazi kabisa. Chaki ikaniponyoka.
Wakati wa mapumziko nikamuuliza mbona mimi hanijibu. Akanong'ona kwamba redio haimwangalii.
Kwani macho yangu yako namna gani?

Ijumaa, 7 Juni
Nalianya anataka kumrudisha Nzula darasa la tatu, ati hasomi wala hajibu — darasa alipo mdogo wake! Nimebishana naye mpaka akalegea. Jumatatu atakuja kumsikia mwenyewe. Nikamwambia aje saa ya redio.

Jumatatu, 10 Juni
Betri zimekufa! Mwalimu Kaloki alisikiliza mpira Jumamosi. Tumezianika juani tangu asubuhi, lakini jua lenyewe liko wapi? Mawingu matupu.

Saa nne na robo. Naandika darasani, daftari magotini. Redio ilikohoa mara moja, ikanyamaza. Nalianya kakaa nyuma, amekunja mikono. Nzula kasimama, ananiangalia. Nikageuza kiti, nikatazama ubao, nikawapa wote mgongo. Nikauliza rangi ya anga kwa sauti ya yule mama wa redioni. Sauti ya mbuzi! Hakuna aliyecheka.
Halafu nyuma yangu: "Grey."
Grey! Amechungulia mawingu dirishani mwenyewe. Na grey ni mimi niliyewafundisha, mwezi wa tatu. Si redio!
"Very good!" Nikamwambia asome kitabu. Anasoma. Yuko ukurasa wa pili, na mimi bado natazama ubao, machozi yananitoka kama mjinga.
Sasa nasikia viatu vya Nalianya vinamwendea. Polepole, mzee. Tafadhali, usimwangalie — angalia dirisha!