Vitanda Nilivyovipaka Rangi

Old Kampala, Ijumaa, 1973. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika, sasa imerudi.

Naandika nimekaa nyuma ya mlango. Gari likisikika naacha. Likishapita naendelea.

Yote yameanzia mazikoni juzi. Tulimzika Mzee Shabani, muuza mikeka wa mtaa wetu, Mungu amrehemu. Kabla jeneza halijainuliwa, mwanawe alisimama kama ilivyo desturi yetu, akasema: "Anayemdai baba yangu aje kwangu. Na anayeweza kusamehe, asamehe." Sisi wanawake tulikuwa ndani, dirisha wazi, tunasikia kila kitu.

Ndipo nikasikia sauti ya mume wangu, Hamisi.

"Mzee ana bahati, ameacha warithi wa kweli. Kuna wengine wamerithi nyumba nzima, wanagawana mpaka vijiko, na ukiwadai wanakwambia kamwone marehemu!"

Mtu mmoja akacheka. Mmoja tu, kicheko chembamba cha puani.  Hakuna pale asiyejua kwamba Hamisi anawasema wakubwa wa serikali.

Hamisi ni fundi wa kuchomelea vyuma kule Katwe. Serikali ile ya kwanza, kabla wanajeshi hawajaichukua nchi, ilimwagiza vitanda vya hospitali. Yeye akavichomelea, mimi nikavipaka rangi nyeupe, na mimba ya Zuhura ilikuwa kubwa hata naigonga kwenye vyuma kila nikiinama. Vikapelekwa. Wagonjwa wanavilalia mpaka leo. Kisha serikali ikapinduliwa kabla hajalipwa, na tangu hapo kila akienda ofisini anaambiwa: "Aliyeagiza hayupo. Kamdai huko aliko."

Mimi nimeishia darasa la sita, sheria siijui. Lakini Hamisi alimwuliza wakili mmoja, akaja kunieleza nikimwogesha mtoto. Kumbe serikali ikibadilika deni halifi. Anayeingia huingia na madeni ya nyumba, hata yale ya kukopa ng'ambo. Ila mali ya serikali haikamatwi. Hata hakimu akikupa haki yako, hakuna dalali wa korti atakayeingia kule kubeba japo kiti. "Sheria iko upande wako, fundi," wakili alimwambia, "lakini mimi nina watoto wanne." Akamfungulia mlango atoke, hata ada hakutaka.

Jana mtu akabisha hodi. Miwani myeusi, shati la maua, kama wavaavyo makachero wa serikali.

"Wewe mama, bwana yako iko wapi?"

"Ametoka, afande."

Akacheka. Kicheko kile kile cha puani, cha mazikoni. 

"Yeye najua kuchekesha watu sana. Ambia yeye mimi nataka sikia ile maneno tena."

Akainama, akampa Zuhura peremende. Mwanangu, kwa vile nimemfunza adabu, akasema asante. Alipoondoka nilimnyang'anya nikaitupa shimoni, akalia hadi baba yake aliporudi.

Nikamwambia Hamisi neno moja: samehe.

"Nisamehe haki yangu? Ile pesa ni shule ya Zuhura, mama!"

"Ulisema mbele ya watu, kasamehe mbele ya watu. Zuhura atakwenda shule na baba, au atakwenda na deni?"

"Unataka niwe mwoga."

"Ndiyo. Uwe mwoga, lakini uwe hapa."

Akaenda kukaa na mtoto. 

Leo baada ya sala ya Ijumaa alisimama msikitini. Amenisimulia mwenyewe, macho chini. Alisema: "Nilichokuwa naidai serikali nimekisamehe, mbele ya Mungu na mbele yenu." Watu wakaitikia amina, harakaharaka, kama wanaofukuzwa na mvua. Nje, yule mtu alikuwa kaegemea gari. Akampiga Hamisi begani: "Sasa wewe iko na akili, fundi."

Imetosha? Sijui. Watu hawa, hata ukiwasamehe huenda wakaona umewatukana.

Sasa amelala kwenye mkeka, mchana huu, na Zuhura kamlalia kifuani. Mikono yake imejaa makovu ya cheche. Nimemfunika miguu na kanga yangu. Sijawahi kumpenda mtu hivi, wala kuogopa hivi. Nikimwangalia anavyopumua nasema labda yamekwisha, labda kesho atakwenda Katwe na jioni nitamsikia anakohoa mlangoni kama siku zote.

Kuna jambo nimeliwaza tangu aliporudi.

Deni husamehewa na mwenye haki. Hamisi amesamehe vyuma alivyochomelea, sawa, ni vyake.

Rangi ni yangu. Niliipaka nikiwa na mtoto tumboni, mgongo ukiniuma, na mimi hakuna aliyeniuliza.

Sitamwambia mtu. Sitakwenda ofisi yoyote. Nitalea mtoto wangu na kungoja. Hawa nao walirithi, na siku moja watarithiwa, na atakayekuja huenda akasimama kama mwana wa Mzee Shabani, aulize nani anadai.

Siku hiyo nitanyoosha mkono.

Gari lingine.

Limepita.