Vidole Vilivyobaki Dagahaley

Nairobi, 5 Machi 2025

Abti yangu mpenzi,

Asalaam aleikum, na saumu njema. Joto la Garissa linakutendeaje? Najua utasema wewe hulihisi, lakini mama ameniambia kila adhuhuri unajimwagia maji ya mtungi ukidhani hakuoni. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Nafuturu na Shiko, mwenzangu wa chumba. Ni Mkristo kamili, ila siku hizi anaingoja adhana ya magharibi kuliko mimi.

Naandika badala ya kupiga kwa sababu mama huweka simu yako kwenye spika, na haya sitaki ayasikie kabla yako. Naandika kwa Kiswahili kwa vile Kisomali chetu sisi wawili ni cha mdomo tu, shuleni hatukufundishwa kukiandika.

Abti, nimepata nafasi mbili! Unajua sisi wa kompyuta hatuingii mwaka wa nne mpaka tufanye kazi mahali kuanzia Mei hadi Agosti, ile tunaita atachimenti. Nimeomba kila pahali, kimya. Halafu zikaja mbili wiki moja.

Ya kwanza ni kampuni ya hapa Nairobi inayotengeneza programu za hospitali. Walitupa mtihani, tulijaa ukumbi, wakabakiza wachache na mimi nimo. Bwana Hesbon, msimamizi wao, alinipigia mwenyewe akanisifu. Niliruka juu ya kitanda mpaka Shiko akaogopa. Kisha akasema nilete nakala ya kitambulisho kabla ya Aprili kuisha.

Ya pili sikuiomba. Ni shirika moja kambini Dagahaley linalotafuta vijana wakimbizi wanaosoma kompyuta. Binamu Mustafe, si ameoa huko, akawapa jina langu na namba ya kadi yetu ya zamani ya chakula. Alidhani ananifanyia wema. Wanatoa laptopu, na wanaofanya vizuri hupelekwa kusoma Kanada. Sharti lao ni nitie sahihi kwamba mimi ni mkimbizi.

Na kompyuta zao zinakubali, Abti. Kwao nimo tangu ule ukame uliomaliza mbuzi wetu, mama akatupeleka kule, nikawekwa vidole kwenye mashine ili tupate unga. Nilikuwa na miaka sita. Ndiyo sababu kitambulisho nilichoomba mwaka jana hakitoki: serikali ikilinganisha vidole vyangu, inamwona mkimbizi. Garissa nilikozaliwa hawanitaki, Dagahaley wananitaka.

Nifuatilie pale ofisi ya vitambulisho, tafadhali.

Mpwa wako,
Hani


Galbet, Garissa, 11 Machi 2025

Hani, abti wangu,

Waaleikum salaam. Uliniambia Shiko hucheka akisikia wewe unaniita abti na mimi nakuita abti. Mwambie kwetu mjomba na mpwa hurudishiana jina, na asiyependa asisikilize. Sisi wazima. Mama yako anakohoa kidogo, vumbi hili. Maji ya mtungi ni uongo wake.

Habari yako ilinifurahisha nikamwachia mteja dume zuri bila kubishana. Sokoni wakaniuliza kama naumwa.

Nimeenda ofisini. Kuna kijana pale, Justus, wa kutoka bara, ana adabu. Akafungua kompyuta, akanigeuzia. Nikaona picha yako. Wallahi nilikaa chini bila kuambiwa. Umejifunika shuka ya maua ya mama yako, kamasi inatoka, unalia.

Nikamwambia Justus, sawa, sasa tuongee. Akasema, mzee, hapa hakuna kuongea, sistimu imekataa. Nikamwambia basi niitie huyo Sistimu nizungumze naye. Akacheka. Mimi sikucheka.

Unajua kazi yangu. Dalali wa mifugo ananyoosha mkono, mwenzake ananyoosha wake, tunafunika kwa shuka, tunashikana vidole na kupatana bei bila mtu kuona. Kidole kikikataa, unashika kingine. Biashara haifi. Hiyo mashine ilishika vyako vyote siku moja ikafunga soko!

Chukua ya Nairobi. Ya Dagahaley usiiguse hata kwa fimbo. La kitambulisho niachie mimi.

Abti yako,
Jelle


Nairobi, 20 Machi 2025

Abti mpendwa,

Nakusalimu tena, na namsalimu mama na kikohozi chake. Mpikie tangawizi, usimwachie aseme kitaisha chenyewe.

Nacheka kuhusu Sistimu na pia nalia. Kutengeneza sistimu ndiyo kazi ninayosomea. Najua kabisa kilicho ndani. Kuna safu yenye jina langu na alama za vidole, na mtu mwenye ruhusa akikaa pale anaifuta kabla chai haijapoa. Nimefanya hivyo darasani mara nyingi, nikifuta watu ambao hawapo. Mimi nipo, na sijui nimpigie nani.

Bwana Hesbon amesema atanivumilia. Dagahaley nao wananiandikia kila wiki kwa upole mwingi, mpaka naona haya kutowajibu.

Mwambie mama sina hasira naye. Hapana, usimwambie, kwa sababu ninayo. Nikimfikiria anatupanga foleni pale, nachemka. Halafu nakumbuka nilivyokula ule uji.

Mpwa wako,
Hani


Galbet, 5 Aprili 2025

Abti wangu Hani,

Idi njema iliyopita. Tulichinja, tukakuwekea mnofu, ukaliwa na watoto wa jirani. Tuko salama. Kikohozi cha mama yako kimepungua kwa tangawizi yako, ingawa anasema ni dua zake.

Kaa vizuri nikupe habari. Kamati ya kuwachuja watu wenye vidole kambini ilikaa! Nilipeleka barua ya chifu, cheti chako cha kuzaliwa, wazee wawili waliomjua babu yako, na mama yako mwenyewe. Pale nje palijaa watu, wengine na ndevu, wengine na wajukuu, wote Wakenya waliokula mahindi ya kambi. Nilidhani ni sisi tu.

Mwenyekiti akamkaripia mama yako. Habibo, kwa nini ulidanganya kuwa wewe mkimbizi? Nikaogopa atalia. Hakulia. Akamwuliza, "Na siku ile wangekula nini?" Mwenyekiti akatazama karatasi zake. Akauliza tena, sauti ile ile, "Na siku ile wangekula nini?"

Wakapitisha, Hani! Wameandika wewe ni Mkenya. Nilimkumbatia Justus, akaangusha miwani yake. Faili imeshasafirishwa Nairobi. Ifuate huko, sasa iko karibu na wewe kuliko mimi.

Abti yako dalali,
Jelle


Nairobi, 16 Aprili 2025

Abti,

Asalaam aleikum. Ni mzima wa mwili. Natumai nyinyi pia.

Nimeifuata. Nimezungushwa dirisha hili hadi lile. Mwisho mama mmoja mpole akaniketisha akaniambia ukweli. Faili imefika, ni nzuri, haina kasoro. Lakini jina halifutwi moja moja. Wanafuta kwa kundi, kundi likitangazwa. Nikamwuliza la mwisho lilitangazwa lini. Akaniambia, binti yangu, kabla sijahamishiwa ofisi hii. Nikauliza lijalo ni lini. Akanishika bega tu.

Nikaenda kwa Bwana Hesbon na nakala ya barua ya kamati. Aliisoma yote. Akasema anasikitika, wanashika habari za wagonjwa, bila kitambulisho bima yao hainikubali. Alinisindikiza hadi getini. Afadhali angenifukuza.

Chuo kimesema asiye na mahali Mei anarudia mwaka. Na wewe umeshauza wanyama wa kutosha kwa ajili yangu.

Zimebaki karatasi za Dagahaley. Zimeandikwa hivi: mimi ni mkimbizi, sina uraia wa Kenya. Nikitia sahihi, barua ya kamati inakuwa ya kufungia maandazi. Nisipotia, nakaa chumbani nikingoja kundi.

Wewe maisha yako yote unawachagulia watu. Nichagulie, Abti. Mimi nimechoka.

Mpwa wako,
Hani


Galbet, 18 Aprili 2025

Hani wangu,

Salaam. Tu wazima.

Nimesoma ujumbe wako sokoni, nikarudi nyumbani kabla ya wakati. Ngamia nikimtazama meno na goti nakuambia ataishi au hataishi. Wewe nimekutazama tangu jana, sijui.

Nimemfasiria mama yako yote, nisamehe, alinibana. Anasema, tia sahihi, mtoto asome, Ukenya utakuja baadaye. Mimi nasema usitie. Babu yako amezikwa Balambala, Garissa hii hii, na baba yake pia. Utaandikaje kwa mkono wako kwamba hukutoka hapa? Rudia mwaka. Nitauza nitakachouza.

Abti yako


Galbet, siku hiyo hiyo, alasiri

Hani, yale ya asubuhi usiyasikilize. Nimezungumza kwa hasira. Na mama yako pia usimsikilize. Fanya lile utakaloweza kulala nalo. Nimekuwa mjomba wa bure katika jambo hili na inaniuma.

Abti yako


Galbet, 12 Mei 2025

Hani, abti,

Nakusalimu bila kujua nakusalimu wapi. Laini yako haipatikani. Shiko ameniambia ulifunga mizigo ukaondoka, ukamwachia blanketi, hukusema unakwenda wapi. Mtoto wa watu alikuwa analia kwenye simu nami nikamfokea, niombee radhi kwake.

Nimemwuliza Justus kama kundi limetangazwa. Bado. Napita pale kila nikitoka sokoni. Siku hizi ananiwekea kiti.

Mama yako anakaa mlangoni. Andika neno moja tu, hata matusi.

Abti yako,
Jelle


Dagahaley, 30 Mei 2025

Abti yangu,

Asalaam aleikum warahmatullahi. Nisamehe. Ni mzima, na natumai wewe na mama ni wazima. Laini ile ilikuwa imesajiliwa kwa jina la Shiko kwa kuwa sina kitambulisho, niliona haya kuondoka nayo. Hii wamenipa hapa.

Umeshaelewa niko wapi. Nilitia sahihi siku ya mwisho. Nilitaka kukuambia kwanza, nikaandika, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Kutoka hapa hadi Galbet ukitoka asubuhi unafika mchana. Nimeomba kuja kukuona wikendi, wakaniambia mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Nimejaza. Nangoja.

Watu ni wema. Laptopu ni mpya. Wameniweka kwenye chumba cha usajili, kutunza mashine. Jumanne mhudumu wa mashine ya vidole aliumwa, nikaketi mimi.

Akaja mama mmoja na msichana wake wa miaka sita hivi. Akasema wametoka ng'ambo ya mpaka, akataja mji, vizuri, kama mtu aliyefundishwa njiani. Lakini mtoto alivaa sweta ya kijani ya shule. Beji ilikuwa imefumuliwa kwa sindano, na pale ilipokuwa, rangi haikupauka. Nikamwuliza mtoto, mwalimu wako ni nani? Akasema kwa furaha, "Ticha Katunge!" Jina la Kikamba, la Kenya hii. Mama yake akamfinya.

Niliinama nikamwambia polepole, kwa lugha yetu: mama, najua mnatoka wapi. Mrudishe mtoto huyu. Nikimwekea vidole hapa, akikua akataka kitambulisho hatapata. Hatapata kazi. Ataitafuta nchi yake na ataikosa. Nikamwambia, nitazame mimi.

Akanitazama. Mvua zimewapita, wanyama wao wameisha, aliniambia hivyo bila kulia. Kisha akaniuliza, "Na leo atakula nini?"

Ni maneno ya mama, Abti.

Nyuma yake foleni ilianza kulalamika. Mtoto akanyoosha mkono mwenyewe, alikuwa ameona wenzake wanavyofanya. Vidole vyake vilikuwa vikavu vya vumbi, mashine ikakataa. Nikafurahi, wallahi nilifurahi. Halafu nikamwona mama yake anavyoitazama ile taa nyekundu. Nikalowesha kitambaa, nikamfuta kidole kimoja kimoja, nikavirudisha. Mashine ikasoma.

Wamepewa unga siku ile ile.

Sina jingine la kueleza. Jumapili baada ya alasiri nitapiga. Usizungumze wewe, unisamehe. Weka simu kwenye spika, umwite mama.

Mpwa wako,
Hani