Vyuma vya tanuru kwenye mbabula ya mama

Mpendwa Mama Hélène, naomba msaada wako maana tangu Jumapili sina raha, hata majani ya sombe nimeyaacha kwenye kinu. Mdogo wangu Dady anafanya kazi hapa Bunia, kwenye karakana inayoyeyusha alumini ya masufuria, na mume wangu Marcellin ndiye maçon, fundi mwashi, aliyejenga tanuru yao mpya, na Dady mwenyewe alinieleza, akifurahia kujifunza, kwamba ndani ya ganda la chuma wanamwaga beton, yaani zege, ya kuvumilia moto, na beton hiyo inashikwa na vyuma vya pekee vya miguu miwili iliyopanuka, wanaviita ancres, vimeagizwa mbali kwa sababu chuma cha kawaida kikipata moto ule kinalegea na dari yote inamwangukia anayetia alumini, na anayetia ni yeye Dady. Basi Jumapili nikaenda Marabo kumsalimu mama, nikakuta kwenye mbabula yake, jiko la makaa, wavu mpya wa kuchomea samaki, unang'aa, nikainama, Mungu wangu, ni vyuma vile vile, miguu miwili miwili, vimechomelewa kwa soudure! Mama anacheka: "Mukwe yangu iko na roho nzuri, alinitengenezea yeye mwenyewe." Niliaga haraka. Nyumbani nikamuuliza Marcellin, wala hakuona haya: "Chuma nzuri vile, kuizika mu beton ni kuipoteza. Niliweka fer à béton, nondo za kawaida, mahali pake. Chuma iko chuma." Nikisema, atafukuzwa, labda atafungwa, na tuna watoto, nikinyamaza, Dady jamani! Wanawasha Jumatano. Nimekuwekea namba ya Dady ukitaka kuhakikisha habari za tanuru, lakini usimwambie kitu. Nangoja jibu gazetini.

Dada mwenye hofu, Bunia (majina tumeyabadilisha)

Dada yangu, barua yako nimeisoma nimesimama, kiti nimekiona hakinifai. Pole sana. Kugundua jambo kama hili juu ya mume wako kunavunja moyo, na mama yako hana kosa lolote. Lakini weye! Gazeti letu linatoka Jumamosi. Tanuru inawashwa Jumatano. Ulikuwa unangoja nini, nikuandikie rambirambi?

Mimi sikungoja. Jumanne asubuhi nilimpigia Dady nikamweleza yote, na Jumatano tanuru haikuwashwa. Unikasirikie ukitaka.

Sasa mume wako. "Chuma iko chuma" ni maneno ya mtu ambaye hatasimama mbele ya moto ule. Unaogopa atafukuzwa? Afukuzwe! Maçon aliyefukuzwa anatafuta kazi nyingine, lakini Dady akiungua, tungempata wapi mwingine? Marcellin aende yeye mwenyewe kwa patron, mwenye karakana, kabla hajaitwa, abebe ule wavu, aseme alichofanya, halafu abomoe beton yote na kuijenga upya na vyuma vinavyotakiwa. Akikataa, nenda weye.

Kuna jambo moja siwezi kukusaidia. Nilipomweleza Dady, aliuliza kwanza juu yako, dada yake mkubwa: "Yaya alikuwa anajua?" Nilimwambia ndiyo, tangu Jumapili. Akakata simu. Nenda kwake leo, kwa miguu yako, usimtume mtu.