Mchanga Mtupu

4 Februari

Mama mpenzi,

Hujambo? Mgongo unasemaje? Mimi mzima, ila nyayo zimechubuka. Leo ni siku ya kumi na tisa natembea ufukweni, na kila ninapopita nachora kwenye karatasi ndefu. Kutembea kwenyewe ndiyo sanaa, usicheke! Penye hoteli nachora ukuta, maana walinzi wananifukuza kama kuku. Wiki mbili zijazo nitapita kwetu. Nichore nyumba na kaburi la baba?

Mwanao

11 Februari

Mwanangu,

Nakusalimu. Mgongo bado unanitesa, lakini napumua. Kumbe kutembea nako ni kazi! Mimi nimefua mashuka ya hoteli miaka ishirini, wageni wakinipiga picha nikianika utadhani mimi twiga. Nimechoka kutazamwa. Chora mchanga, mimi na baba yako utuache.

Mama yako

3 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini umeamka vyema. Maonyesho yamefana! Kwetu nilichora mchanga na maji tu, kama ulivyotaka, na watu walijazana hapo kuliko kwingine kote. Bwana mmoja mwenye hoteli amekinunua kipande hicho. Akaniuliza ni wapi, nami kichwa kikavimba, nikamwelekeza mpaka njia ya kushukia. Sasa naenda kutembea pwani ya nchi nyingine, miezi minne. Barua zitachelewa kunifikia.

Mwanao

12 Agosti

Mwanangu,

Salamu. Afya si mbaya, roho ndiyo mbaya. Yule bwana wako amekuja na maofisa wa ardhi, mchoro wako kautia fremu. Nikawaambia hapa nimejenga na mume wangu, na amelala pale. Ofisa akanionyesha mchoro: "Bibi, huyu kapita pwani nzima kwa miguu, na hapa hakuona nyumba." Nikasema huyo ni mwanangu. Wakacheka. Hati ya kiwanja sina, unajua. Wametupa mpaka mwisho wa mwezi. Njoo uwaambie. Panda gari.

Mama yako

3 Septemba

Mwanangu,

U mzima huko? Sijapata jibu. Nyumba waliivunja juzi. Baba yako tumemfukua mimi na mjomba wako, tukamfunga kwenye shuka. Mlinzi akatuomba tupitie nyuma, kwa sababu wageni walikuwa wanaonyeshwa ufukwe.

Nilikukasirikia sana. Halafu nakumbuka ni mimi niliyekukataza kutuchora, na hilo ndilo linaloniua.

Usiandike kwa anwani ya zamani. Mpya sina.

Mama yako