Usiku Sita wa Oktoba

Tahara, 18 Februari 2024

Mdogo wangu Tokuji,

Salamu nyingi. Huku hatujambo. Goti langu tangu lipasuliwe limeanza kukunjika vizuri, ingawa ngazi bado nazipanda kama bata. Wewe je, na baridi ya huko Kiso ulikohamia majuzi? Unakula, au unaishi kwa tambi za kumwagia maji ya moto?

Mke wa muuza vitabu kanipigia simu. Anasema picha yako ya galaksi imetoka kwenye jarida la wapiga picha za nyota, ukurasa mzima. Nimefurahi, mdogo wangu. Miaka thelathini na moja ulipeleka barua za watu mchana na kuinamia darubini usiku, na sasa jina lako limechapwa. Niletee nakala niiweke mbele ya picha ya baba.

Sisi bado tunauguza hasara ya Mwaka Mpya. Mwanangu Masaki hana wimbo mwingine: taa za mabandani hazikuwaka usiku, maua yetu ya krisanthemu yakadhani majira yamegeuka, yakatia vitumba yangali mafupi. Mabanda mawili mazima. Fundi umeme Oguri anaapa kwamba saa ya kuwashia taa aliyoifunga Septemba ilikuwa nzima, lakini Masaki hamtaki tena, na wakulima wengine nao wameacha kumwita. Nilikutana naye sokoni, akainamisha kichwa kabla sijasema neno.

Vaa soksi mbili.

Dada yako,
Hisae


Kiso, 20 Machi 2024

Dada,

Natumaini goti linaendelea vizuri. Mimi mzima. Nyumba ya wageni ninakoosha vyombo imejaa watu wa kuteleza kwenye theluji, na mwenye nyumba ni mama mmoja anayegomba mchana kutwa halafu jioni ananifungia maandazi ya maharage.

Nakutumia picha yenyewe, nimeichapisha kubwa. Jarida nitalitafuta, huku ni shida kulipata. Hizo galaksi mbili zilipitana karibu zamani sana, na ule ukungu mwembamba unaotoka upande wa kushoto ni nyota zilizomwagika zikipitana. Ni hafifu mno. Nimeutafuta miaka minane. Nilipiga picha za dakika tano tano, mamia, kisha nikazipandanisha hadi ukaonekana.

Kuhusu Oguri, pole yake.

Mdogo wako,
Tokuji


Tahara, 9 Aprili 2024

Tokuji,

Hujambo? Sisi tupo.

Picha imefika, ni nzuri. Lakini jarida nimeshalipata, muuza vitabu aliniagizia. Chini ya picha kuna maandishi madogo. Nilivaa miwani nikayasoma, nikaenda kuosha mchele, nikarudi nikayasoma tena. Yanasema: “Tahara, 11 hadi 16 Oktoba. Jumla ya saa ishirini na nne.”

Siku hizo nilikuwa hospitalini Toyohashi. Masaki alilala huko ili awe karibu nami, na funguo za mabanda tulikuachia wewe. Tangu tuweke taa umekuwa ukilalamika kwamba zikiwaka saa nne mpaka saa nane za usiku, huoni chochote cha maana angani.

Saa nne kwa usiku, mara sita. Hata mimi niliyeacha shule mapema naweza hesabu hiyo.

Masaki sijamwambia. Nangoja uniambie wewe.

Hisae


Kiso, 30 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Nimekaa kimya karibu miezi mitatu, na sina udhuru.

Nilizima taa mimi. Usiku wa kwanza nilijiambia nusu saa tu. Nilipoitazama picha ya nusu saa, ule ukungu ulikuwepo, kama pumzi juu ya kioo. Nikaacha swichi chini hadi saa nane. Kesho yake sikujiambia chochote, niliizima tu. Nilijua maua yatafanya nini. Nimekulia kwenye maua kama wewe.

Kwenye jarida niliandika tarehe za kweli kwa sababu sisi wa picha za anga hatudanganyani. Nimelifikiria hilo sana: nilikuwa mkweli kwa watu nisiowajua.

Juzi nilipanda treni nikaenda kwa Oguri. Nyumbani sikupita, miguu iligoma. Alifungua mlango amevaa sare ya kupeleka vifurushi. Nikamweleza pale pale kizingitini.

Akaniuliza, “Ulizima kwa swichi gani?”

“Ile kubwa, nyuma ya pampu.”

“Kwa hiyo saa yangu ilikuwa inafanya kazi.”

“Ilikuwa inafanya kazi, mzee.”

Akakaa chini kwenye ngazi. “Niliifungua mara nne,” akasema. “Nikaitandaza mezani skrubu kwa skrubu. Sikuona kosa, nikasema basi ni macho, au mikono imezeeka. Mke wangu aliniambia niache umeme kabla sijamuua mtu. Nikaacha.”

Nilipiga magoti. Akasema, “Inuka, majirani wanatazama. Ukamwambie Masaki, si mimi.” Akafunga mlango, polepole.

Barua ya Masaki iko ndani ya hii. Tafadhali mpe.

Mdogo wako,
Tokuji


Tahara, 22 Agosti 2024

Tokuji,

Natumaini hujambo. Joto la huku halisemeki.

Masaki aliisoma barua akiwa amesimama. Akaikunja, akapanda gari mpaka kwa Oguri, akakaa huko mpaka jioni. Oguri alikataa kurudi. Mara ya tatu alikubali, kwa sharti kwamba Masaki mwenyewe azunguke kwa kila mkulima aseme saa haikuwa na hitilafu. Amezunguka. Kwa hiyo watu wote wanajua, jiandae.

Ndiyo sababu sikukuita kwenye sikukuu ya wafu. Kaburi la baba nimelifagia peke yangu.

Nimekukasirikia kuliko nilivyodhani ninaweza. Nilikuwa nimelala nimefungwa mguu, nikimwambia muuguzi, “Nyumbani hakuna wasiwasi, mdogo wangu yupo.” Hilo ndilo linaloniuma. Maua hupandwa tena.

Masaki anasema hivi, na namnukuu: “Kama mjomba anataka kuomba radhi, asinitumie karatasi. Aje kuanzia tarehe 24 Novemba, siku kumi, achume vitumba vya pembeni.” Nikamwambia hizo ni siku za mwezi kufa, siku zako za giza. Akasema, “Najua. Nimetazama kalenda.”

Dada yako,
Hisae


Kiso, 8 Desemba 2024

Dada,

Nimefika salama. Vidole bado ni vya kijani kwa kuchuma vitumba, na mama mwenye nyumba ananicheka. Asante kwa maboga ya kuchemsha, na kwa kunitandikia chumba changu cha zamani bila maneno.

Ulikuwa unauliza kwa macho Masaki aliniambia nini. Siku tisa alisema “safu hii” na “safu ile”, basi. Akinipeleka stesheni ndipo aliponiuliza, akitazama barabara:

“Mjomba, zile siku sita zilihitajika kweli?”

Ningeweza kusema ndiyo. “Nne zingetosha,” nikamwambia.

“Na mbili za mwisho?”

“Anga lilikuwa zuri.”

Tukapita taa mbili za barabarani. Kisha akatoa sauti, sijui kama ilikuwa kicheko. “Angalau hujui kudanganya,” akasema.

Stesheni hakushuka. Nilipokuwa nachukua mkoba kiti cha nyuma alisema, “Mwakani tunapanda tarehe 23 Agosti. Mgongo wa mama hauwezi tena kuinama.” Akaondoka kabla sijajibu.

Nimetazama kalenda. Ni usiku wa mwezi kufa tena. Mwambie nitafika tarehe 22, nilale, tuanze alfajiri.

Mdogo wako,
Tokuji