Pampu Haina Mahali pa Kujitwika

Huku Kitui, upande wa Mwingi

Mama Mwende,

Pokea salamu zangu, na uwagawie watoto, lakini usiwape zote. Mgongo wako unaendeleaje tangu umzae huyu wa mwisho? Dawa ya kuchua bado iko? Mimi niko mzima. Nimekonda kidogo, lakini sura ni ile ile ya kukusumbua. Mchana nakoroga simiti kwa hii kazi ya pampu za serikali, jioni nauzia mafundi sigara moja moja.

Sasa wacha nikuambie, hii pampu itanimaliza. Tumechimba, tumejenga, maji inatoka safi kama ya mvua. Na wamama wanapita hapo na mitungi yao wakienda kufukua maji kwa mchanga wa mto, kule kwa zamani! Pampu imebaki ya mbuzi kujikuna.

Juzi injinia akakasirika, akauliza mbona. Kuna susu mmoja hapa, nyanya ya watu, mdomo kama wembe. Akamwambia, "Kijana, kwa mto naweka mtungi juu ya ukingo, nakaa chini yake, navuta mkanda wa mukwa kwa kichwa, nasimama. Hapa umenimwagia simiti tambarare kama chapati. Nani ataniinulia mtungi mpaka mgongoni? Utakuwa unakuja wewe kila asubuhi?"

"Mama, lakini kamati iliulizwa."

"Kamati ya kina nani?"

Injinia akataja chifu, diwani, na wazee wawili.

"Na hao wanabeba nini?"

Mimi nikadakia, "Wanabeba fimbo, susu!" Watu wakacheka mpaka msimamizi akanifukuza nirudi kwa simiti yangu.

Nikamwambia msimamizi tujenge kaukuta kadogo ka kufika kiunoni, mawe yamebaki mengi. Akasema haiko kwa mchoro. Kila kitu haiko kwa mchoro! Mgongo wa mtu pia haiko kwa mchoro!

Lakini injinia si mtu mbaya. Baadaye alikuja kununua sigara, akaniambia ukweli: pampu ikishanunuliwa na kupimwa hivi, hata yeye hawezi kugeuza. Ingesemwa kabla. Halafu akasema huko kwetu Kibwezi bado hawajachora chochote, watakuja baraza ya chifu mwezi ujao.

Mama Mwende, nilisikia baridi. Hiyo ni pampu yako. Wewe ndiye utasimama hapo peke yako na mtungi umejaa, mimi niko huku nachekesha watu.

Kwa hivyo enda hiyo baraza. Najua hupendi kusema mbele ya wanaume. Enda na kikundi chote cha mwethya, wamama wote mnaosaidiana kazi, mbebe mitungi imejaa maji, muiweke chini mbele yao. Wakiuliza maswali, msijibu kwanza. Waambieni wawatwike.

Nisalimie mama, umwambie ile blanketi inakuja. Salimia kaka yangu mkubwa na bibi yake, na mzee wa kanisa anayetuombea mvua, aongeze bidii.

Jambo moja nusura nisahau. Hawa wa huku, siku injinia alikuja mara ya kwanza, walimchezea ngoma mpaka vumbi ikapanda. Akafurahi, akaandika wamekubali, akaenda. Nyinyi msiwaimbie. Hata wakileta soda, msiimbe, mpaka mtungi wa kwanza upande mgongoni mwako bila mtu kukushikia.

Ni mimi mume wako,
Baba Mwende