Mimi Siyo Wengineo

Walthamstow, London

Mjukuu wangu Neema,

Hujambo huko Morogoro? Sisi tu wazima. Babu yako magoti yanamsumbua, lakini sokoni haachi kwenda. Mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kama ujitoe kwenye uchaguzi wa chuo, kwa kuwa wagombea ni wengi na wenzako wanakucheka. Mimi nilichekwa hapahapa London. Miaka hiyo nilikuwa nafanya usafi hospitalini, nikaomba chama kiniteue kugombea udiwani wa mtaa wetu. Tulikuwa kumi na wawili, nafasi moja. Kila mmoja alipewa dakika tatu mbele ya wanachama. Nilizungumzia lifti mbovu za maghorofa yetu, jinsi wazee walivyohangaika na ngazi. Wengine walikicheka Kiingereza changu.

Kura zilipohesabiwa, mwenyekiti alisoma majina matatu ya juu, akakunja karatasi. "Na wengineo," akasema.

Nikasimama. "Mimi siyo wengineo. Soma jina langu na kura zangu."

"Una uhakika, mama?"

"Soma."

Akasoma: kura nne. Nikawashukuru watu wanne walioniamini, nikakaa. Ile aibu niliyoiogopa sikuiona.

Uteuzi uliofuata nilijaza fomu tena. Nikashindwa tena, ila safari hiyo jina langu walilisoma bila kuambiwa.

Usijitoe, mjukuu wangu. Waache wakuhesabu.

Ni mimi bibi yako nikupendaye,
Rehema